Jibini la Ijumaa na Samaki wa Jumapili

Ulikuwa mwaka ule bomba la kanisa lilipopasuka kwa baridi na Padri Stan akaongoza misa akiwa amevaa buti za mvua. Hapana, nimekosea. Bomba lilipasuka mwaka uliofuata. Huu ninaousema ni mwaka Orrin Haack alipotiwa meno mapya ya bandia. Ndiyo, ni huo, maana meno yale yamo katika habari hii, na bila yake isingetokea.

Basi mwaka huo, pale Kolarville, Wisconsin, aliishi Lyle Novotny, mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kusukuma theluji. Aliendesha gari la kukwangua barabara tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Katika miaka hiyo aliangusha masanduku ya barua ya karibu kila nyumba ya njia ya kaskazini, na kila aliloliangusha alirudi wakati wa kiangazi kulisimika upya, akakaribishwa kahawa na keki, akakaa mpaka jioni. Ndivyo alivyopata marafiki. Kuna wanaopendwa kwa sauti nzuri, na kuna wanaopendwa kwa kuwa wamekugongea sanduku lako la barua wakaomba radhi vizuri.

Lakini jina lake hasa lilitokana na kukosea. Lyle alikuwa mbashiri. Alibashiri kwamba siku ya harusi yake jua litawaka. Theluji ikafunga njia, na bibi harusi, Verna, akapelekwa kanisani ameketi ndani ya kijiko cha trekta, shela imeganda kama ubao. Alibashiri kwamba mtoto wao wa kwanza atakuwa msichana, wakapaka chumba rangi ya waridi, akatokea Dennis, ambaye alilala kwenye waridi hilo mpaka alipoota ndevu. Na ilipofika Januari, msimu wa mtoano wa mpira wetu ule wa umbo la yai, wakati timu ikifungwa mara moja tu inafungasha virago, Lyle alibashiri kila mechi. Alikuwa na sababu zake, na zilikuwa sababu nzuri. Alitazama upepo, akahesabu majeruhi, akasikiliza goti lake la kushoto. Kisha alikosea. Hakukosea mara nyingi. Alikosea mara zote.

Watu wa Kolarville walilijua hilo na kulitumia. Lyle akisema Dallas, wao walisema yeyote atakayecheza na Dallas. Mashaka yalikuwa kwenye timu yetu wenyewe, kwa sababu kila ilipoingia mtoano Lyle alisimama na kusema, "Tutashinda." Na kila mara tulifungwa mechi ya kwanza kabisa, tena kwa vituko: mpira kumponyoka mtu mikononi, mpigaji kuteleza kwenye barafu, mwamuzi kupuliza kipenga kwa sababu ya chafya. Hakuna aliyeweza kumshawishi Lyle aseme vingine. "Hiyo ni timu yangu," alikuwa akisema. "Mtu hawezi kumsema mama yake hivyo."

Sasa, kubashiri pale Kolarville hakukuwa kuropoka tu. Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa wa samaki. Ijumaa jioni kabla ya mechi watu wote walikuwa baa kwa Butch Vandenhouten, kula sangara wadogo wa ziwani waliochovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia, wakakaangwa mpaka wakawa rangi ya dhahabu. Sahani yako ikifika, ulisimama, ukasema timu gani itashinda, ukauma samaki wako wa kwanza. Basi. Ukishauma, neno limefungwa, hata ukilia haligeuki. Na usipouma samaki, hujasema kitu. Bibi Myrtle wa posta aliwahi kusema neno lake akauma kiazi, na ubashiri wake ukafutwa mbele ya watu, pamoja na kwamba ulikuja kuwa kweli. Babu yake Butch ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo, na Butch aliulinda kuliko alivyoilinda leseni ya baa.

Mwaka huo wa meno, timu yetu iliingia mtoano, na mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani, dhidi ya Minnesota.

Minnesota ni jirani zetu, na hilo linatosha kusemwa.

Alhamisi, Lyle alikuwa gerejini anasafisha mashine ya kurusha theluji, mlango ukagongwa. Waliingia Butch, mwenye baa, na Orrin Haack, ambaye alifanya kazi kiwanda cha jibini mpaka akastaafu, na ambaye sasa alikuwa anatembea amefumba mdomo kama mtu aliyebeba yai.

"Mzee Lyle," Butch akaanza, "habari za goti?"

"Goti zuri. Goti linasema tutashinda."

Butch akajishika kichwa. "Umeona, Orrin? Nilikwambia. Tumekwisha."

"Ndugu yangu Lyle," akasema Orrin, maneno yakipenya kwa shida katikati ya yale meno, "sikiliza. Tumekuja kukuomba kitu kidogo. Kesho, ukisimama, sema tutafungwa."

Lyle akaweka bisibisi chini. "Toka kwenye gereji yangu."

"Neno moja tu!"

"Orrin, mimi nilikuwa nikiipenda timu hii kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Nisimame mbele ya watu niseme Minnesota watatupiga? Verna atanifukuza nyumbani."

"Verna ndiye aliyetufungulia geti," Butch akasema.

Lyle akaokota bisibisi yake tena. Ndipo akatoa hoja ambayo, kwa kweli, hata leo nikiifikiria kichwa kinauma. "Haya, tuseme nimesema tutafungwa. Lakini nimesema ili tushinde. Maana yake moyoni nabashiri kushinda. Na mimi nikibashiri kushinda, tunafungwa. Sasa mtakuwa mmefanya nini?"

Jambo hilo hawakuwa wamelifikiria.

"Moyo hauhesabiki," Butch akasema hatimaye, akiwa mtunza utaratibu. "Kinachohesabika ni mdomo na samaki."

"Nani kasema?"

"Babu yangu."

"Babu yako alikufa akidhani dunia ni bapa."

"Alikuwa anazungumzia Wisconsin!"

Wangegombana mpaka giza, lakini Orrin akaketi kwenye ndoo, akavua kofia yake, akasema kwa upole, "Lyle, unaona meno haya? Niliyatia nipate kucheka nayo. Tangu niyapate, sijapata cha kuchekea. Mke amehamia Arizona, mbwa kafa, maziwa yameshuka bei. Nimeyabeba kinywani bure kabisa. Nataka siku moja tu timu ishinde mtoano, nicheke, watu wayaone."

Lyle alimtazama. Wao wawili walikuwa wakigombana tangu darasa la kwanza, na Lyle hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Na hapa ieleweke alichokuwa anaombwa Lyle. Umri ulikuwa umekwenda. Haja yake moja iliyobaki duniani, ambayo hakumwambia mtu ila Verna, ilikuwa kupatia. Mara moja tu. Aseme timu yake itashinda, samaki yumo mdomoni, na ikashinde. Sasa walitaka aitoe hata hiyo nafasi, akosee kwa makusudi.

"Nitasema," akasema. "Lakini nitafumba macho."

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Padri Stan kuuliza kama kusema neno usiloliamini huku umeshika samaki ni dhambi.

"Ni samaki wa Butch?" Padri akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Basi dhambi ni kumwacha apoe. Kanisa halina msimamo juu ya mtoano, mwanangu. Ila," akainama, akashusha sauti, "kama utasema tutafungwa, sema kwa nguvu, na sisi wa viti vya nyuma tusikie."

Ijumaa baa ilifurika. Watu waliketi juu ya mapipa, wengine wamesimama na sahani kifuani, kofia za jibini, zile za sifongo zilizokatwa kama kipande cha jibini ambazo mashabiki wetu huvaa, zikigongana kichwa kwa kichwa. Habari ilikuwa imekwisha kuenea. Verna aliketi karibu na mumewe, glasi ya brandi mbele yake, na Butch mwenyewe, si mhudumu, alileta sahani ya Lyle. Kwa furaha yake alikuwa ameiongezea heshima: juu ya sangara alimwaga vipande vikubwa vya jibini letu bichi, lile linalolia ukilitafuna, navyo vimechovywa unga ule ule wa bia, vimekaangwa mafuta yale yale, vyote dhahabu, vyote sawa.

Heshima hiyo ndiyo iliyoleta matata.

Lyle akasimama. Hata kikaango kilionekana kupunguza kelele. Akafumba macho kama alivyoahidi, akapapasa sahani, akashika kipande.

"Jumapili," akasema, sauti ikikwaruza, "timu yetu... itafungwa na Minnesota."

Akauma.

Sijui kama mmewahi kusikia baa ikilia kwa furaha kwa sababu mtu kawatabiria msiba. Watu walikumbatiana. Bibi Myrtle alipanda juu ya kiti. Butch alibusu kaunta. Na katikati ya kelele zote hizo Lyle alisimama akitafuna, na akaanza kutafuna polepole, kisha akaacha kabisa. Maana kile kitu kilikuwa kinalia kati ya meno yake, kwiki, kwiki, na alipokiondoa mdomoni kilifuatwa na uzi mrefu mweupe, kutoka kwenye mdomo mpaka mkononi, ukining'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Hakuwa ameuma samaki. Alikuwa ameuma jibini.

Verna aliuona uzi. Bila neno akachukua kitambaa, akamfuta kidevu, akaukata, akauficha chini ya kiazi.

"Meza," akamnong'oneza. "Meza na utabasamu."

Akameza. Akatabasamu. Watu wakampigia makofi.

Njiani kurudi nyumbani, pikapu yao ikapita makaburi.

"Haihesabiki," Lyle akasema.

"Nyamaza, uendeshe."

"Myrtle aliuma kiazi, ikafutwa. Mimi nimeuma jibini. Sijasema kitu, Verna. Kwa sheria ya Butch mimi bado sijasema kitu!"

"Kwani aliyeona ni nani? Mimi. Na mimi sikuona."

Lakini hapo miguuni pa Verna kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na sangara walewale, wote wazima, ambao Lyle hakuweza kuwala kwa fadhaa. Verna hakuwa mwanamke wa kuacha chakula mezani kwa mtu. Kwa hiyo samaki walikwenda nyumbani, wakalala kwenye friji, na Jumamosi kutwa Lyle alikuwa akifungua friji, akiwatazama, akifunga.

"Unatoa baridi yote," Verna akasema.

"Nawatazama tu."

"Watu huwa wanatazama televisheni, baba Dennis. Hebu tumalize jambo hili. Kesho baada ya misa nitampasha mmoja. Utasimama hapo jikoni, utasema tutafungwa, utauma, mbele yangu mimi shahidi. Neno litafungwa, Orrin atacheka, na wewe utaniacha na friji yangu."

"Ndiyo," akasema Lyle. "Ni haki."

Na alikusudia hivyo. Nasema kweli, alikusudia. Jumapili walitoka kanisani, ambako Padri Stan alikuwa amehubiri mahubiri mafupi kuliko yote tangu apewe upadri. Verna akatia samaki kwenye oveni, akamtoa, akamweka juu ya sahani ya maua, ile ya wageni. Lyle akasimama kando ya jiko, amevaa sweta yake ya kijani, akamshika sangara kwa mkia. Safari hii hakufumba macho. Alimtazama samaki, akamtazama mkewe, akafungua mdomo kusema tutafungwa.

"Tutashinda," akasema.

Akauma. Akatafuna. Alikuwa samaki, hakuna shaka, hata mwiba ulikuwemo.

Verna akaketi kwenye kiti, taratibu, kama gunia linalotolewa upepo. "Lyle Novotny. Umetuua."

"Limenitoka."

"Halikukutoka. Umelisema!"

"Nimelisema," Lyle akakubali, machozi yanamlengalenga. "Mimi ni mtu mzima, Verna. Nimekosea harusi yangu, nimekosea mtoto wangu. Nataka mara moja niseme jambo ninalolitaka, kwa samaki, na liwe."

Verna akainuka. Kisha akavaa koti lake. "Twende kwa Butch. Lakini ukimwambia mtu yeyote, nakurudishia pete humo humo kwenye kijiko cha trekta."

Sina haja ya kusimulia mechi nzima. Minnesota walianza wakatupiga, wakapumzika, wakarudi wakatupiga tena. Pale baa, kila mambo yalipoharibika, watu walimgeukia Lyle kwa upendo. "Usijali, mzee! Umesema tutafungwa, hatufungwi!" Wakampiga mabega, wakamjazia glasi. Lyle alikuwa anashuka kitini kidogo kidogo, amebaki kofia tu. Verna alitazama dari.

Orrin akamsogelea. "Lyle, hebu nijibu. Ulisema kwa nguvu, siyo?"

"Nilisema kwa nguvu."

"Na uliuma vizuri?"

"Niliuma... niliuma hasa."

"Basi nina imani," akasema Orrin, akafumba mdomo juu ya meno yake akaendelea kungoja.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Minnesota wakaangusha mpira. Tukaokota. Tukapiga hatua, tukapiga nyingine, tukawakaribia. Mwisho kabisa ikabaki teke moja: mpira upite kati ya milingoti miwili tushinde, usipite tufungwe. Mpigaji wetu akaja, pumzi yake inafuka kama birika. Lyle akasimama bila kujua kama amesimama. Mpira ukapigwa, ukapepesuka na upepo, ukagonga mlingoti wa kushoto, ng'o! Ukafikiri kidogo huko juu. Ukaangukia ndani.

Paa la baa halikuezuka, lakini lilijaribu. Walimbeba Lyle juujuu mpaka nje kwenye theluji, wakimzungusha uwanjani pa kuegeshea magari, wakiimba kwa sauti moja, "A-me-ko-se-a! A-me-ko-se-a!"

"Nimepatia!" Lyle alikuwa anapiga kelele kutoka juu, mikono hewani. "Jamani! Nimepatia!"

"A-me-ko-se-a!"

Na Orrin Haack alicheka. Alicheka kwa akiba ya miaka yote, kichwa nyuma, mdomo wazi, na meno yakatoka, safu zote mbili, ya juu na ya chini, yakaruka na kuzama kwenye theluji. Basi sherehe ikageuka kazi. Watu wa Kolarville walipiga magoti pale nje wakichimbua theluji kwa mikono na kofia za jibini, huku Orrin akicheka vile vile, kibogoyo, amefurahi kuliko mtu mwenye meno. Aliyeyapata ni Lyle. Kuhusu theluji, ujue, hakuwahi kukosea.

Butch alitangaza papo hapo kwamba Lyle atakula samaki bure kila Ijumaa maisha yake yote, kwa heshima ya kosa lake kubwa kuliko yote. Lyle alitaka kukataa. Verna akamkanyaga mguu.

Raundi iliyofuata walimbembeleza atubashirie tena, naye akasema jino linamuuma, akafunga mdomo Ijumaa nzima. Tukafungwa vibaya. Wapo mpaka leo wanaomlaumu kwa siku hiyo aliyokataa kukosea.

Lakini jambo lenyewe halikumtoka kichwani. Kama neno la Ijumaa ndilo lililohesabika, basi alikosea kama kawaida yake, na wema wote waliomtendea ulikuwa haki. Kama ni neno la Jumapili, basi alipatia, mara moja katika maisha, na hakuna anayejua isipokuwa mkewe. Alijaribu kumuuliza Butch kwa mbali. "Tuseme mtu kauma jibini kwa bahati mbaya, kisha siku nyingine akauma samaki akasema kinyume. Neno lipi linasimama?"

"Nani kauma jibini?" Butch akauliza, mwiko hewani.

"Mtu tu."

"Mtu huyo ni wa Minnesota," Butch akasema, akarudi kwenye kikaango.

Akamuuliza Padri Stan, na Padri akataka kujua kwanza kama huyo samaki alipashwa kwenye oveni au kwenye mafuta, na walipomaliza kuzungumzia hilo kengele ikalia. Akamuuliza Orrin, Orrin akamwonyesha meno.

Aliendelea kukaa kwa Butch kila Ijumaa, sahani ya bure mbele yake, samaki upande huu, jibini upande ule, akivitenganisha kwa uma kabla hajagusa kitu. Na kila Ijumaa, kabla hajauma, alimgeukia Verna na swali lile lile, naye Verna kila Ijumaa alikuwa akiomba chumvi.

"Lakini wewe ulikuwepo mara zote mbili, mama Dennis. Niambie basi: siku ile nilikosea, au nilipatia?"